Taa Ikiwaka Kabla Hujafika Isongole

Gari jipya mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, mara nyingi ni gari kuukuu la Japani. Limetembea huko miaka kumi au zaidi, likapanda meli, likashushwa Dar es Salaam, likakaa yadi hadi betri ikachoka, kisha likakabidhiwa dereva wa kukodi aliyelikimbiza zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya. Pale Uyole likaacha barabara ya Zambia, likashika ile ya Malawi ambayo magari ya IT, yaani yanayopita nchini tu kwenda nje, huipita hadi mpakani Kasumulu, likapanda Isongole na kuteremkia Kiwira. Kwa mwenye nalo ni jipya hasa: namba mpya, viti bado vina nailoni, redio inaongea Kijapani. Ndiyo maana taa ya kwanza ikiwaka kwenye dashibodi, wengine hushtuka kupita kiasi. Wengine hawashtuki kabisa, kwa kuwa aliyewauzia aliwaambia, "Bosi, hiyo sensa tu, gari hizi zote ziko hivyo."

Nakuandikia wewe uliyenunua au unayekaribia kununua, uwe wa kundi la kwanza au la pili, na neno langu kubwa ni hili: usitoe pesa ili taa izimike. Toa pesa ili ijulikane imewashwa na nini. Kuzima taa ni kazi ya dakika mbili, na yeyote mwenye mashine anaweza kukufanyia. Kujua sababu ndiyo kazi ya ufundi.

Swichi kwanza, injini baadaye

Jaribio la maana kuliko yote hufanyika kabla hujalipa. Kaa kwenye kiti cha dereva, fungua swichi bila kuwasha injini. Dashibodi inatakiwa ijae taa: oili, betri, cheki injini, eabegi, ABS, breki. Gari linajaribu taa zake lenyewe. Sasa washa injini. Taa zinatakiwa zizimike, nyingine papo hapo, nyingine baada ya sekunde chache.

Wanunuzi wengi hutazama taa iliyogoma kuzima. Tazama na ile ambayo haikuwaka kabisa. Taa ya cheki injini isiyowaka ukifungua swichi haikuambii kwamba injini ni nzima. Inakuambia kwamba balbu imeungua, au imetolewa, au imezibwa kwa gundi nyeusi. Na wapo mafundi waya hodari wa kazi mbaya: taa ya eabegi inayowaka daima wanaiunganisha na waya wa taa ya oili au ya betri, ili ziwake na kuzima pamoja. Utamkamata namna hii: taa ya eabegi ina saa yake, huchukua sekunde kadhaa ndipo izime, hata injini ikiwa haijawashwa. Ukiona inasubiri injini iwake ndipo izime sambamba na ya oili, hapo kuna mkono wa mtu.

Ukiwa bado umekaa, zoea sauti. Magari mengi ya Japani yana kifaa cha kulipia barabara za huko, kinachoitwa ETC. Ukifungua swichi, mwanamke anasema kwa Kijapani, kwa adabu kubwa, kwamba kadi haijaingizwa. Hana neno lingine. Watu wamewahi kupeleka gari kwa fundi kwa sababu ya mama huyo. Maandishi ya Kijapani kwenye skrini usiyabahatishe: fungua programu ya kutafsiri kwenye simu, elekeza kamera, usome. Taa yenye picha ya spana, kwenye magari yaliyo nayo, kwa kawaida ni kikumbusho cha sevisi.

Rangi zinasomeka hivi duniani kote, kwa sababu alama hizi zina viwango vya kimataifa: nyekundu ni hatari ya sasa hivi, ya njano ni hitilafu inayokutaka ushughulike mapema, ya kijani na ya bluu ni taarifa tu. Tatizo ni kwamba milima ya Rungwe ina namna yake ya kuziwasha, na kitabu cha gari kilichoandikwa Japani hakikuijua.

Nyekundu: hapa hakuna "nifike tu Katumba"

Taa ya oili, ile ya kikopo kinachodondosha tone, hupima msukumo wa oili, kiasi haikipimi. Ikiwaka wakati injini inanguruma, oili haifiki inakotakiwa na vyuma vinasagana. Simamisha gari pembeni palipo salama, zima injini, hata kama uko ndani ya ukungu wa Isongole na mvua inanyesha. Dakika chache za ukaidi zinatosha injini kunoki, na bei ya injini nyingine unaijua.

Dalili yake ya mapema katika barabara zetu ni hii: taa inamulika kidogo kwenye kona kali au mlimani, ukinyooka inazima. Wengi huisamehe. Kumbe oili imepungua, iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa sampo, na pampu inavuta hewa. Injini ya Toyota ya lita 1.5 ya aina ya 1NZ, iliyomo kwenye IST na Probox nyingi, huchukua kama lita 3.7 za oili ukibadilisha pamoja na filta. Hicho ni kiasi kidogo. Ikipotea lita moja na nusu, umebaki na pungufu ya theluthi mbili. Sogeza gari kwenye tambarare, subiri dakika kadhaa, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena usome. Ikiwa imepungua, ongeza. Ikiwa imejaa na taa bado inawaka, usiwashe tena. Huenda ni sensa kweli, lakini fundi anatakiwa akuthibitishie kwa kufunga geji ya kupimia msukumo. Neno lake peke yake halitoshi.

Taa ya betri haizungumzii betri sana kama inavyozungumzia kuchaji. Alteneta haipeleki umeme, au mkanda umekatika. Kama ni alteneta tu, gari litaendelea kwa umeme uliomo kwenye betri: zima redio, zima kiyoyozi, usizime injini, nenda hadi kwenye gereji ya karibu. Usiku, na taa kubwa zikiwaka na waipa zikifanya kazi, umeme huo huisha haraka, basi usipange safari ya Mbeya. Lakini kwenye magari mengi mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Taa ya betri ikiwaka na joto likaanza kupanda, mkanda umekwenda. Simama hapo hapo.

Joto ndilo lenye habari ndefu kwetu. Magari madogo kama Passo na Vitz mara nyingi hayana mshale wa joto. Yana taa moja yenye picha ya kipimajoto: bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikizidi moto. Kati ya hizo mbili hakuna kitu, kwa hiyo nyekundu ikiwaka umeshachelewa kidogo. Ile ya bluu haina ubaya. Dar es Salaam inazima upesi. Tukuyu mwezi wa saba, asubuhi, inakaa dakika kadhaa, na kinachotakiwa ni kuendesha polepole bila kuikamua injini hadi izime.

Ikikawia mno, au ikizima kisha ikarudi ukiteremka, uliza swali moja: themostati ipo? Mafundi wengi wa mikoa ya joto huitoa na kuitupa, wakiamini wanalisaidia gari lisichemke. Ukiwa pwani pengine hutajua. Ukilileta gari hilo kwenye baridi ya Rungwe, injini haifikii joto lake la kazi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama ya injini baridi, ulaji wa mafuta unapanda, na taa ya cheki injini inaweza kuwaka ikiwa na namba P0128, ambayo maana yake ni kwamba maji hayafikii joto linalotakiwa. Dawa yake ni themostati, kitu cha bei ndogo. Nimeona watu wakibadilishiwa sensa tatu kabla ya mtu kufikiria kufungua pale.

Upande wa pili ni kuchemsha. Maji huchemka kwa nyuzi 100 kwenye usawa wa bahari. Kyela, kule karibu na Ziwa Nyasa, ni kama nyuzi 98. Tukuyu ni kama 95. Ukivuka mita 2,000 kwenye miinuko ya Isongole ni kama 93. Kinachookoa injini ni mfuniko wa rejeta, unaobana msukumo ndani hadi maji yavumilie nyuzi 115 na zaidi bila kuchemka. Mfuniko wenye mpira uliochoka unaweza kukusitiri ukizunguka Dar. Ukipanda kutoka Kyela, zaidi ya mita 1,000 za mwinuko nyuma ya Fuso iliyoshona mzigo na inayokwenda kwa gia ya kwanza, hautakusitiri. Kwa hiyo gari likifika kutoka bandarini, kabla ya spika na vioo vyeusi, nunua mfuniko wa rejeta wa saizi yake na ujaze kulanti badala ya maji matupu. Kulanti haipandishi tu kiwango cha kuchemka. Inazuia kutu ndani ya rejeta na injini.

Joto likianza kupanda mlimani, zima kiyoyozi, fungua joto la ndani hadi mwisho na vioo vyote. Ni adhabu, lakini hita ni rejeta ndogo, inapunguza. Tafuta pa kusimama. Kama hakuna mvuke, iache injini ingurume bila kukanyaga mafuta, uangalie kama feni inazunguka. Kama kuna mvuke au taa nyekundu haizimi, zima. Kisha usiguse mfuniko. Subiri nusu saa au zaidi, hadi uweze kushika mpira wa juu wa rejeta bila kuungua.

Rungwe imebarikiwa vijito kila baada ya kona, na hapo ndipo majaribu yalipo: unachota ndoo ya maji ya mlimani, unayamwaga kwenye injini inayowaka moto. Silinda hedi ya alumini haipendi hivyo. Inapinda, gasketi inafumuka, na gari lililohitaji mfuniko sasa linahitaji kuchongwa hedi. Maji ya kijito ni halali baada ya injini kupoa, ili kukufikisha tu.

Mteremko hauna taa yake

Taa nyekundu ya breki ina sababu tatu za kawaida. Ya kwanza ni breki ya mkono ambayo hujaishusha hadi mwisho. Ya pili, maji ya breki yamepungua. Ya tatu inafuatana na ya pili: pedi zimelika, pistoni zimetoka nje zaidi, na maji yamezifuata, kwa hiyo kikopo kinaonekana kimepungua bila tone kuvuja. Katika hali hiyo taa humulika ukiteremka, maana maji yanasogea na kuacha boya la kupimia bila maji, na kuzima ukifika tambarare. Usikimbilie kuongeza maji. Fungua tairi utazame pedi kwanza. Kama pedali inazama au imekuwa laini, usiteremke popote.

Kuna jambo ambalo dashibodi haitakuambia kamwe. Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango kinashuka hadi karibu 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa yameloa. Sasa fikiria gari lililokaa miaka na maji yaleyale tangu Japani, linaletwa Tukuyu, mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kisha linateremshwa hadi Kyela mguu ukiwa juu ya breki njia nzima. Pedi zinapata moto, maji yanachemka ndani ya kaliper, mapovu yanaingia, na pedali inakwenda hadi chini bila gari kushikwa. Hakuna taa inayowaka. Badilisha maji ya breki gari likifika, yote, kwa kuyatoa upepo gurudumu moja baada ya jingine, kisha kila baada ya miaka miwili. Katika ushauri wote ulio humu, huu ndio wa kufuata kwanza.

Na hapa kuna taa ya njano ambayo watu huiogopa bure: O/D OFF. Ipo kwenye magari mengi ya oto ya zamani kidogo. Inawaka kwa sababu mtu amebonyeza kitufe pembeni ya gia na kulifungia gari gia yake ya juu kabisa. Si hitilafu. Kwenye barabara tambarare ukiiacha inawaka unakunywa mafuta bure, injini ikilia juu. Kwenye mteremko wa kutoka Tukuyu kwenda Ushirika au wa kushuka Kiwira ndiyo rafiki yako: bonyeza, taa iwake, injini ishike gari, breki zipumzike. Mteremko ukizidi, weka 2 au L. Kwenye Aqua na Prius kuna B kwa kazi hiyohiyo. Lakini taa ya O/D OFF ikianza kumulika yenyewe, kuwaka na kuzima bila wewe kubonyeza, kwenye Toyota nyingi hiyo ni gia boksi inayolalamika. Hapo pima kwa mashine.

Cheki injini, na biashara ya kufuta

Taa ya njano yenye picha ya injini ndiyo inayoleta maneno mengi kwenye gereji. Jambo la kwanza ni kutofautisha: inawaka tuli au inamulika? Ikimulika huku gari likitetemeka, silinda moja haichomi. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye ekzosi na kuyeyusha masega, yale yanayosafisha moshi. Punguza mwendo, usikamue mlima, nenda gereji iliyo karibu. Ikiwaka tuli na gari linakwenda vizuri, joto liko sawa na oili ipo, unaweza kufika nyumbani na ukapanga siku ya kupima.

Kupima maana yake ni kuchomeka mashine kwenye soketi yenye matundu 16 chini ya usukani na kusoma namba ya hitilafu. Marekani ililazimisha soketi hiyo na lugha yake kwa magari yote mapya kuanzia 1996. Japani haikufuata mara moja, ndiyo maana kidude kidogo cha bluetooth kinachosoma kwenye simu kinaweza kukataa kuzungumza na gari la soko la Japani la miaka ya nyuma, ilhali mashine kubwa ya fundi inalisoma. Kidude kikikataa, usihitimishe kwamba kompyuta ya gari imekufa.

Ukifika kwa mwenye mashine, simama naye. Mwambie, "Fundi, kabla hujafuta, naomba niipige picha." Piga picha skrini yenye namba. Kisha muulize namba hiyo inasema nini, kwa sababu namba haitaji spea ya kununua. Inataja mfumo unaolalamika. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, filta ya petroli iliyoziba, au sensa ya hewa yenye vumbi inayohitaji kusafishwa kwa dawa yake tu. Fundi anayekimbilia kukuuzia sensa ya oksijeni anabahatisha kwa pesa yako. P0301 hadi P0304 zinataja silinda namba moja hadi ya nne kwamba haichomi. Hapa kuna kipimo cha bure: hamisha koili ya silinda inayolalamika, iweke kwenye nyingine, futa, endesha, pima tena. Kama lalamiko limehama na koili, umempata mkosaji. Kama limebaki palepale, angalia plagi, kisha nozeli.

Rungwe yenyewe huwasha taa hii. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja hazikati hadi wa tano, na hata baada ya hapo kuna manyunyu na ukungu. Unyevu unaingia kwenye mipira ya koili iliyopasuka kwa uzee, umeme unaruka pembeni, gari linakohoa asubuhi na kupona saa nne jua likitoka. Kuosha injini kwa maji ya presha kunaleta ugonjwa huohuo kwa dakika kumi. Kama ni lazima uoshe, tumia kitambaa na brashi, na usielekeze maji kwenye koili wala kwenye soketi za waya. Ukienda gereji mwambie fundi kwamba tatizo linakuja na baridi na unyevu. Ni habari ya thamani kuliko namba yenyewe.

Namba P0420 ina hadithi mbili. Inasema masega hayasafishi moshi kama inavyotakiwa. Huenda yamechoka kweli. Lakini masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kali, na yana wanunuzi. Yapo magari yaliyopita kwenye mikono ya watu wengi na kufika kwa mwenye nayo ekzosi ikiwa tupu. Piga teke dogo kwenye boksi la masega gari likiwa limepoa: likilia tupu, au ukiona weldi mbichi, umejua. Na fundi akikushauri uyatoe "ili gari lipumue", jua kwamba anakuomba umpe kitu anachoweza kukiuza.

Bado kuna lalamiko moja ambalo halina taa na halihitaji fundi: "Gari halivuti kama lilivyokuwa Dar." Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyepesi. Tukuyu umepoteza kama asilimia 15, miinuko ya Isongole zaidi ya 20. Kigari cha lita moja chenye watu watano na madebe mawili ya parachichi kitapanda kwa kujikongoja, na kitakuwa kizima kabisa.

Zilizobaki, kwa haraka

ABS: breki za kawaida zinafanya kazi, ila gurudumu linaweza kujifunga kwenye utelezi. Mara nyingi ni sensa ya gurudumu iliyojaa udongo wa barabara za Lwangwa na Mbambo, isafishe kwanza. ABS na taa nyekundu ya breki zikiwaka pamoja, hilo ni jambo zito. Simama palipo salama, uite fundi. Taa ya upepo wa tairi, kwa gari lililo nayo: pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, na usipunguze upepo wa tairi iliyopata moto njiani.

Eabegi nitaikawilia kidogo. Ikiwaka tuli, mfumo umejizima na siku ya ajali hautafunguka. Usiruhusu fundi asiyejua apime nyaya zake kwa balbu ya majaribio. Umeme mdogo tu unaweza kuulipua usoni mwake. Lakini pia taa kutowaka hakukuhakikishii usalama. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza eabegi zilizokuwa na baruti inayoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Zikilipuka hurusha vipande vya chuma. Makumi ya mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na mengine yaliitwa kurudishwa, na kampuni ikafilisika 2017. Gari lililosafirishwa kabla ya kubadilishiwa linaendelea kutembea huku kwetu, na taa yake ya eabegi inazima vizuri kila asubuhi. Chukua namba ya chasisi kwenye kadi ya gari, ingia kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa Japani wa kutafutia magari yaliyoitwa, tumia ile programu ya kutafsiri. Ni kazi ya jioni moja.

Weka daftari kwenye droo ya mbele ya gari. Andika tarehe, taa iliyowaka, gari lilikuwa linapanda au linashuka, kuna mvua au hakuna, namba iliyosomwa, na kilichobadilishwa. Gari likirudia ugonjwa, daftari hilo litakuokoa kulipia spea ileile mara ya pili, na ukifika siku ya kuuza mnunuzi mwenye akili atakuongezea bei kwa ajili yake. Na ukikutana na fundi anayekataa kukuonyesha namba kabla hajaifuta, mshukuru, funga boneti, nenda kwa mwingine.